Chipu Mbili, Mazabodi Moja: Historia ya Bakapu Inayotuangusha na Mafundi wa Kariakoo Wasio na Majina

Wadau, leo mambo ya mastaa tuyaweke pembeni kidogo. Leo ni zamu ya watu ambao hawana picha wala tiki ya bluu popote, lakini kama una laptopu ya mtumba au desktopu ya kupigia kazi hapa mjini, kuna siku watakuokoa. Au walishakuokoa na jina lao hulijui hadi leo. Ila ili uwaelewe, inabidi kwanza umjue adui wanayepambana naye.

Adui anakuja hivi. Unabonyeza kitufe cha kuwasha. Feni inazunguka, taa inawaka, halafu kioo cheusi tii. Hakuna nembo, hakuna maandishi, hakuna mlio. Wakati mwingine taa ya Caps Lock inapepesa kama inakukonyeza. Hardi diski nzima, RAM nzima, prosesa nzima. Kilichokufa ni maandishi yaliyo ndani ya chipu moja yenye miguu 8, ukubwa wake kama punje ya muhindi, iliyogandishwa kwenye mazabodi.

Maandishi hayo ndiyo tunayoyaita BIOS. Kwa Kiswahili cha vitabuni ni programu dhibiti. Kazi yake ni kuamka kabla ya kila mtu. Ichukulie kama mlinzi mwenye funguo za soko. Yeye ndiye anayefungua geti, anakagua nani kaja, halafu anaiamsha Windows na kuiambia haya, anza kazi. Mlinzi asipoamka, wafanyabiashara wote wapo, mzigo upo, wateja wapo, ila soko halifunguki.

Sasa wenye viwanda waliliona hili tatizo zamani sana, wakaja na jibu: wekeni walinzi wawili. Chipu mbili, ya kwanza ikifa ya pili inashika kazi. Kwenye boksi inaandikwa kwa mbwembwe zote, na kwenye karatasi mchezo umeisha. Swali la leo ni moja tu: kama mchezo uliisha, mbona watu bado wanapakia mashine zao kwenye boda na mwendokasi kuzipeleka Kariakoo?

Enzi ambayo hapakuwa na cha kuharibika

Tuanze mbali. Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake binafsi, ile ambayo hizi za kwetu zote ni wajukuu zake. BIOS yake ilikuwa ndogo, kilobaiti 8 tu. Siku hizi ni kawaida kukuta chipu ya megabaiti 16, yaani zaidi ya mara 2,000 ya ile. Halafu ilikuwa imechapwa kiwandani moja kwa moja kwenye chipu isiyofutika. Huwezi kuiapdeti, lakini pia huwezi kuiharibu. Umeme ukatike mara ishirini kwa siku, BIOS iko palepale.

Novemba 1982 kampuni ya Compaq ikatangaza mashine inayofanya kazi kama ya IBM. Walichofanya ni kuiandika BIOS upya kabisa, wakitumia watu ambao hawakuichungulia ile ya IBM, ili wasishtakiwe kwa wizi. Hapo ndo mlango ulifunguka. Kila kampuni ikaanza kutengeneza kompyuta za namna moja, bei ikashuka, na ndo maana miaka mingi baadaye mtumba wa kompyuta ukaweza kufika mpaka huku kwetu.

Sisi wakati huo tulikuwa wapi? Hapa kuna stori ambayo vijana wengi hatujawahi kuambiwa. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye Serikali ikahamisha mahesabu yake kutoka kwenye mashine za kawaida za uhasibu kwenda kwenye kompyuta. Watu hawakuwa wameandaliwa vya kutosha, mfumo ukavurugika, hela zikapotea, na ikabidi warudi kwenye njia ya zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Yaani IBM wanaitoa mashine yao mwaka 1981, huku kwetu kompyuta ni kitu cha kuombea kibali maalumu.

Watu huwa wanaicheka hiyo marufuku. Mimi naiona tofauti. Hazina ilipata somo ambalo wenye viwanda vya mazabodi walikuja kulipata miaka zaidi ya ishirini baadaye: ukihamia kwenye mfumo mpya bila kuwa na njia ya kurudi nyuma ambayo umeijaribu na inafanya kazi, siku mambo yakiharibika unabaki mikono mitupu.

Siku ya Muungano, 1999

Miaka ya 1990 wenye viwanda wakabadilisha aina ya chipu. Badala ya ile isiyofutika wakaweka ya flashi, ambayo unaweza kuifuta na kuiandika upya ukiwa nyumbani kwako. Ilikuwa na maana, kwa sababu prosesa mpya zilikuwa zinatoka kila baada ya muda mfupi, na bila apdeti mazabodi yako haizitambui. Lakini kitu kinachoandikika na wewe kinaandikika pia na mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa mwanafunzi wa chuo kule Taiwan, Chen Ing-hau. Mwaka 1998 aliandika kirusi kidogo sana, kama kilobaiti 1 hivi, kikaitwa CIH kwa herufi za jina lake. Kilikuwa kinajificha kwenye nafasi zilizo wazi ndani ya mafaili ya programu za Windows 95 na 98, kwa hiyo hata ukubwa wa faili haubadiliki. Kikatembea dunia nzima kupitia programu za kukopiana. Hata baadhi ya kompyuta mpya za IBM aina ya Aptiva zilitoka kiwandani Machi 1999 zikiwa nacho tayari.

Kilikuwa kimetegwa kilipuke tarehe 26 Aprili. Dunia ikakiita Chernobyl, kwa sababu ndiyo tarehe mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka mwaka 1986. Sisi tarehe hiyo tunaijua kwa jina lingine. Jumatatu ya tarehe 26 Aprili 1999 Tanzania ilikuwa inasherehekea miaka 35 ya Muungano, ofisi zimefungwa, watu wako uwanjani au nyumbani. Na kirusi hiki kilihitaji mashine iwashwe siku hiyo ndipo kifanye kazi yake. Yaani kompyuta ya ofisini iliyolala siku ya sikukuu haikuguswa, bila hata mwenyewe kujua ameponea wapi.

Walioziwasha hawakuwa na bahati hiyo. Kirusi kilifuta mwanzo wa hardi diski, halafu kikaenda kuandika takataka kwenye chipu ya BIOS. Kwa mazabodi ambazo chipu yake ilikubali, mashine ilikufa papo hapo. Korea Kusini iliumia sana. Na hata sikukuu haikuwa kinga ya kudumu, maana kulikuwa na toleo lingine lililolipuka tarehe 26 ya kila mwezi.

Hapo ndipo dunia ilipoelewa kitu kimoja kizito. Kirusi cha zamani kilikuwa kinakuibia mafaili, lakini hiki kiliweza kuifanya mashine yenyewe iwe kopo. Na dawa ikatokea kulekule Taiwan: mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1990, kampuni ya Gigabyte ikaanza kuuza mazabodi zenye chipu mbili za BIOS, wakaiita DualBIOS. Wengine nao wakaja na mbinu zao. Bakapu ya BIOS ikawa imezaliwa.

Kwa nini mlinzi wa pili haamki

Sasa tuje kwenye kero yenyewe. Wazo la chipu mbili ni zuri, na kuna watu limewaokoa kweli. Lakini ukikaa na mafundi utasikia malalamiko yaleyale, na kila lalamiko lina sababu ya kitaalamu.

Kwanza, chipu ya pili inasubiri ya kwanza ife kabisa. Mashine inapoanza, kuna kipande kidogo cha mwanzo kinachokagua kama BIOS ni nzima. Kikiona namba zinagongana sawa, kinasema twende. Lakini BIOS inaweza kuwa nzima mwanzoni na mbovu katikati. Hapo mlinzi mkuu hajafa, amepooza. Ameshika funguo mkononi, anatembea mpaka getini, anaanguka, anaamka, anarudia tena. Unaona mashine inawaka sekunde chache, inazima, inawaka, inazima. Na bakapu imekaa pembeni inasema bosi yupo kazini, mimi nasubiri zamu yangu.

Pili, bakapu ni ya zamani. Ile kopi ya akiba mara nyingi ni ya siku mazabodi inatoka kiwandani. Chukua mfano wa mazabodi za soketi ya AM4 zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Mtu kainunua ya mwanzo mwanzo, baadaye akaiapdeti BIOS na kuweka prosesa ya Ryzen 5000, ambazo zilitoka mwishoni mwa 2020. Siku BIOS kuu ikiharibika, bakapu inaamka na kuirudisha mashine mwaka 2017. Inaiangalia prosesa iliyopo mbele yake na kusema huyu simjui. Kioo cheusi. Bakapu imefanya kazi yake kwa asilimia mia na wewe bado huna mashine.

Tatu, kopi inaweza kukimbia upande usio sahihi. Bodi nyingi za namna hii zinafanya maamuzi zenyewe kimyakimya, ipi imkopi nani, wakati gani. Ukiwa na bahati mbaya, ile nzima inaandikwa juu na ile mbovu, na sasa una kopi mbili za ubovu uleule. Bodi chache zina swichi ndogo ya kuchagua chipu kwa mkono, na ukiuliza mafundi, hizo ndizo wanazozipenda.

Nne, na hii ndiyo inayotuhusu zaidi sisi, chipu zote mbili zinakula umeme mmoja. Ziko kwenye mazabodi moja, mara nyingi zimepakana. Umeme ukirudi kwa kishindo ukaunguza njia ya kulisha chipu ya kwanza, ya pili inapona kwa miujiza tu.

Mji huu unaujua umeme wa kishindo. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa tukaingia mgao mkali. Mwaka 2011 mgao ukarudi, jenereta zikawa ndo muziki wa Kariakoo. Mwaka 2023 tena. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuzalisha watu wakapumua. Kuapdeti BIOS kunachukua dakika chache, lakini ni dakika ambazo umeme haupaswi kukatika hata kwa nukta. Aliyeandika maelekezo ya apdeti akiwa Taiwan aliandika sentensi moja tu, usizime mashine, akamaliza. Hakuwaza kwamba kuna mji ambao anayezima mashine siyo wewe.

Laptopu za mtumba: bakapu iliyobaki Ulaya

Unaweza kusema hayo ni ya desktopu, mimi natumia laptopu na ina betri. Sawa. Ila sikiliza hii.

Laptopu nyingi tunazonunua Kariakoo na kule Posta zilikuwa za maofisi ya Uingereza, Marekani au nchi za Ghuba. Nyingi ni nzuri kuliko mpya za bei hiyohiyo. Lakini laptopu nyingi hazina chipu ya pili ya BIOS. Kopi yao ya akiba inawekwa kwenye kipande kilichofichwa cha hardi diski, au mtengenezaji anategemea uitoe kwenye flashi ya USB uliyoiandaa mwenyewe. BIOS ikifa, unabonyeza vitufe fulani kwa pamoja, mashine inaenda kuisoma kopi kule ilikofichwa.

Sasa fikiria safari ya ile laptopu. Kampuni ya kule haiwezi kuuza hardi diski yenye siri za ofisi, kwa hiyo wanaing'oa au wanaifuta yote. Ikifika huku inawekewa SSD nyingine, inapigwa Windows upya kwa flashi ileile iliyopiga laptopu arobaini zilizotangulia, inafutwa vumbi, inawekwa kioo cha mbele. Ile kopi ya akiba ilishakufa kabla meli haijafika bandarini. Unanunua mashine inayong'aa ambayo bakapu yake ilibaki Ulaya. Na muuzaji mwenyewe wala hakudanganyi, kwa sababu naye hajui.

Kuna laptopu chache za maofisi, kama EliteBook za HP zenye mfumo wa Sure Start, ambazo zina kopi ya pili kwenye bodi yenyewe na chipu maalumu ya kukagua. Hizo ni afadhali. Lakini rudi kwenye sababu ya nne hapo juu: bado ni bodi moja, umeme mmoja.

Na anayeumia ni nani? Ni dada mwenye steshenari ya kompyuta moja pale mtaani, msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB umefika, foleni iko nje, mashine haiwaki. Ni mwanachuo ambaye risechi yake iko kwenye mashine hiyo na siku ya kuwasilisha ni keshokutwa. Kwa hawa, kioo cheusi ni kodi ya mwezi au ni mwaka mzima wa masomo. Wanaambiwa mazabodi imekufa, nunua nyingine. Wakati maandishi tu ndiyo yaliyofutika.

Watu wasio na majina

Hapa ndipo mafundi wanapoingia.

Jina lenyewe Kariakoo limetokana na watu wasiojulikana. Linatokana na Carrier Corps, wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Walikuwa maelfu kwa maelfu na wengi majina yao hayakuandikwa popote. Miaka zaidi ya mia baadaye mtaa bado unabebwa na watu wa hivyohivyo. Ingia ghorofani mitaa ya Aggrey, Likoma au Msimbazi, panda ngazi zisizo na taa, utamkuta mtu kwenye kimeza chenye upana wa meza ya kuuzia vocha. Ana darubini ndogo, ana hita ya upepo, na ana kidude cha USB ambacho mafundi wanakiita programa.

Programa ndiyo shujaa wa hii stori. Ya kawaida inaitwa CH341A, ni ya Kichina, bei chee. Inakuja na kibanio kama cha kuanikia nguo, ila cha miguu 8. Fundi anafungua mashine, anachomoa betri, anabana kibanio juu ya chipu ya BIOS, anachomeka upande wa pili kwenye kompyuta yake nzima. Sasa hahitaji ile mashine iliyokufa iwe hai. Anaongea na chipu moja kwa moja. Hasubiri mlinzi wa pili aamke, yeye anaingia na funguo zake kutoka nje.

Na kuna sheria moja ambayo fundi wa kweli haivunji: soma kwanza, ndipo uandike. Anasoma kilichopo, anakihifadhi hata kama ni kibovu, anasoma tena mara ya pili alinganishe kama mbili zinafanana. Kwa sababu ndani ya ile BIOS mbovu kuna vitu vya mashine yako peke yako: namba ya usajili, anwani ya mtandao, na kwa laptopu nyingi zilizotoka na Windows 8 kuendelea, ufunguo wa Windows uliolipiwa kiwandani. Fundi mwenye haraka anakubandikia BIOS ya laptopu nyingine. Inawaka, unalipa, unaondoka unacheka. Baadaye unagundua mashine inajitambulisha kwa namba ya mtu mwingine. Au kwa baadhi ya mashine za Intel, sehemu inayoitwa Management Engine haikusafishwa vizuri, na laptopu inajizima yenyewe kila baada ya dakika 30 hivi. Watu wanalaumu betri, wanalaumu joto, kumbe ni maandishi.

Hata umeme wa chipu ni somo. Nyingi zinatumia volti 3.3, lakini kwenye laptopu za karibuni utakuta za 1.8. Ukiilisha ya 1.8 umeme wa 3.3, umeua kilichobaki. Hakuna chuo kilichowafundisha wengi wao haya. Wamejifunza kwa video, kwa magrupu ya simu, kwa kukaa nyuma ya fundi aliyetangulia na kumshikia tochi.

Nisiwapambe kupita kiasi. Kidude hichohicho kinachofufua mashine ndicho kinachofuta nywila ya BIOS, na siyo kila laptopu yenye nywila ilikuja kihalali. Wezi nao wanajua ngazi za ghorofani. Mafundi wenye msimamo wanadai risiti au wanakataa kazi. Wengine hawaulizi. Hilo lipo na tuliseme.

Lakini angalia walichokijenga bila mtu kuwaagiza. Kila fundi ana hardi diski yenye folda za BIOS alizosoma kwenye mashine zilizopita mezani kwake, kila moja imeandikwa jina la modeli na namba ya mazabodi. Zamani intaneti ilikuwa ya setilaiti, ya gharama na ya kujikongoja, mpaka mkaya wa SEACOM ulipofika Dar Julai 2009. Kopi ya mezani ilikuwa dhahabu, na bado ni dhahabu leo, kwa sababu mtengenezaji akiichoka modeli yako anaifuta kwenye tovuti yake, wakati huku Kariakoo modeli hiyo ndo kwanza inaanza maisha. Ukiijumlisha mitaa yote, ile ndiyo maktaba kubwa ya bakapu ya jiji hili. Haina jengo, haina bajeti, haina mkurugenzi.

Kopi ndani ya nyumba moja

Na hapo ndipo kuna hofu yangu.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Jengo lile alilisanifu Mtanzania, Beda Amuli, na Mwalimu Nyerere akalifungua mwaka 1975. Saa chache tu, na wafanyabiashara wakawa wamesimama nje wanaangalia. Fikiria mfanyabiashara ambaye mzigo wake, daftari la madeni yake, na karatasi zake za kumthibitisha viko kwenye kizimba kimoja. Daftari ni kopi ya akiba ya biashara. Lakini likikaa chini ya paa moja na biashara, linaungua nayo.

Ni kosa lilelile la chipu mbili kwenye mazabodi moja. Na mafundi wetu nao wamo humohumo: maktaba ya miaka kumi iko kwenye hardi diski moja, kwenye fremu moja, kwenye jengo ambalo mwenye nyumba anaweza kulibomoa ajenge ghorofa jipya. Anayetunza bakapu za watu wote, yeye ya kwake hana.

Kwa hiyo historia hii yote, kuanzia Hazina, CIH, chipu mbili mpaka programa, inaniambia kitu kimoja. Bakapu siyo kitu unachokinunua kikiwa ndani ya boksi. Ni kopi inayokaa mbali na kile inachokilinda, na ambayo umeshaijaribu kabla ya siku ya shida. Ikikosa moja kati ya hayo mawili, ni pambo.

Cha kufanya ni hiki. Ukinunua laptopu ya mtumba, wiki ileile ikiwa bado nzima, mwambie fundi: nisomee BIOS unipe faili langu. Ni megabaiti 8 au 16 tu, ndogo kuliko video ya utani unayotumiwa asubuhi. Liweke kwenye flashi, jitumie na kwa baruapepe, liandike jina la modeli. Ukinunua mazabodi mpya, usiulize kama ina chipu mbili, uliza kama ina swichi ya kuchagua chipu, au kitufe cha kuiandika BIOS kwa flashi ya USB hata kama mashine haiwaki. Usiapdeti kwa sababu umeona namba mpya, apdeti kwa sababu kuna kitu unakihitaji, na ufanye hivyo ukiwa na UPS au betri iliyojaa. Na kama wewe ni fundi na unasoma hapa, kaka, dada, leo usiku hamisha zile folda. Weka kopi nyumbani Mbagala, Gongo la Mboto, popote unapolala. Mtoto wako wa kazi ajue ziko wapi.

Haya, mashine yako ilishawahi kufa kioo cheusi? Nani aliifufua, na mtaa gani? Jina la fundi kama mwenyewe hataki, usiliweke. Mtaa tu unatosha.